Utumbo wa Tunduma

Kuna nyumba ambazo watoto hukatazwa matusi, na kuna nyumba ambazo hukatazwa kuchelewa kurudi. Kwetu Tabata, Dar es Salaam, tulikatazwa utumbo. Sheria yenyewe haikubandikwa ukutani, na baba hakuwahi kuitolea hotuba. Ilikuwa sheria ya mama, na sheria za mama hazina rufaa. Tulikula nyama baada ya mshahara, dagaa katikati ya mwezi, maharage mwisho wa mwezi, na hata ugali kwa chumvi na pilipili tuliwahi kuula, tena si mara moja. Lakini utumbo, hapana. Makongoro, hapana. Kichwa cha mbuzi, miguu ya kuku, vile vijiutumbo vya kuku vinavyokaangwa jioni pale kituo cha daladala huku harufu ikimkaba mtu koo: hapana, hapana na hapana.

"Sisi hatuli vitu vya kutupwa," ndivyo alivyosema, na hakuongeza neno.

Mtoto hahoji, mtoto hurithi. Wengine wamerithi mashamba na viwanja, mimi nikarithi kinyaa. Nilipofika sekondari, wenzangu wakichanga hela ya supu asubuhi, mimi nilikuwa yule binti wa kuagiza chapati na chai ya rangi. Wakanibandika jina la mtoto wa geti, ingawa nyumba yetu haikuwa na geti wala ukuta wa kulitundikia. Ndivyo vituko vya kinyaa hivyo: kilinipa hadhi ambayo mfuko wa baba haukuijua.

Basi Februari 2017, nikiwa na miaka ishirini na minne, nikapata kazi Tunduma.

Msomaji ambaye hujafika huko, nikupe picha kidogo. Mji uko mpakani na Zambia, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde. Hapo ndipo zinapovukia nchi barabara kuu na reli ya TAZARA, ile yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Malori yanayopanda yamebeba mafuta na mizigo ya Lubumbashi na Kolwezi. Yanayoshuka yamebeba shaba. Siku mbaya foleni huanzia mpakani ikarudi nyuma mpaka Mpemba, na madereva hulala humo humo ndani ya malori, siku mbili, siku tatu. Mji mzima unaishi kwa foleni hiyo: wabadilisha fedha na mabunda yao ya kwacha, wauza laini za simu, wapiga debe, mawakala wa forodha. Mimi nilikuwa karani wa wakala mmoja. Kazi yangu ilikuwa kujaza fomu na kukimbizana na mihuri.

Nilipanga chumba cha uani huko Sogea, kwa mama mmoja mjane. Jina lake nalihifadhi. Nitasema tu kwamba linaanza na Na-, kama ilivyo kwa Wanyamwanga: mwanamke wa ukoo jina lake huanza na Na-, na kaka zake kwa ukoo uleule huanza na Si-. Mtaani wote tulimwita Mama, basi. Kazi yake ilikuwa u-mama ntilie. Saa kumi alfajiri alikuwa ameshawasha mkaa, na kabla hakujapambazuka vizuri sufuria yake ilikuwa inatoa mvuke kwenye kibanda kando ya barabara ya malori. Ndani ya sufuria hiyo mlikuwa na nini? Naam. Mlikuwa na kilekile nilichokuwa nakikimbia tangu nizaliwe.

Siku ya kwanza nilifunga dirisha. Siku ya pili nikaziba upenyo wa mlango kwa kanga. Harufu ya utumbo unaochemka, bwana, haipigi hodi.

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe langu lilikuja Jumamosi ya kwanza, na lilikuwa kisu.

"Mwanangu, leo huendi kazini?"

"Siendi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi njoo unishikie hapa."

Hakuniuliza kama nakula utumbo au sili. Alichotaka ni mikono. Mtu mzima amekuomba umshikie kitu, tena ndani ya ua wake, utasema nini? Nikakunja mikono ya blauzi, nikashika.

Sasa ngoja nikwambie habari za kazi hiyo, kwa sababu wanaoupenda utumbo wengi hawaijui, na wanaouchukia hawaijui kabisa. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Cha kwanza ni kile kikubwa, ndani kina manyoyanyoya kama taulo, na wauzaji hukiita hivyohivyo, taulo. Cha pili ni kidogo, kimejengeka kama sega la nyuki. Cha tatu kina kurasa, yaani kurasa kabisa, unafunua moja baada ya nyingine kama daftari, na kila ukurasa umebana majani yaliyosagika. Cha nne ndicho kinachofanana na tumbo letu sisi binadamu, laini na chenye utelezi. Baada ya hapo unaanza utumbo mwembamba, ambao kwa ng'ombe mkubwa unaweza kufika mita 40. Ukiunyoosha unazunguka ua na kubaki.

Machinjioni huwa wameshamwaga uchafu mkubwa. Uliobaki ni wako. Kwanza maji baridi, ndoo baada ya ndoo, mpaka yanayotoka yafanane na yanayoingia. Kisha maji ya moto, na hapa ndipo penye ufundi. Yakiwa yanatokota, ile ngozi nyeusi ya juu inagandamana na nyama na hutaibandua tena. Yakiwa vuguvugu haiachii. Mama hakuwa na kipimo kingine zaidi ya kidole chake: anachovya, anahesabu. Akifika tatu bila kukitoa, maji bado. Akikitoa kwenye moja, yamezidi. Mbili ndiyo yenyewe. Hapo unatumbukiza taulo, unaligeuza, unalitandaza juu ya ubao na kuliparua kwa kisu butu. Weusi unatoka kama masizi, na chini yake panatokea rangi ya maziwa.

Utumbo mwembamba unaushikilia mdomo, unamimina maji ya birika, unajaa na kunyooka kama mpira wa kumwagilia maua, kisha unaugeuza ndani nje kwa kijiti. Chumvi, ndimu, suuza. Chumvi, ndimu, suuza tena. Na zile kurasa za chumba cha tatu unaziosha mojamoja. Hakuna njia ya mkato. Ukiruka ukurasa mmoja, mteja wa saa kumi na mbili atauma mchanga na kesho atakula kibanda cha jirani. Baadaye, nilipoanza kujidai na mimi mwandishi, niliwaza sana juu ya yule mama na kurasa zake. Laiti tungekuwa na subira ya kuosha zetu namna ile.

Tulifanya kazi karibu saa tatu. Kucha zangu zilinuka zizi mpaka Jumatatu, na ofisini niliandika fomu huku nikiweka mkono mbali na pua. Lakini jambo moja lilinishangaza. Nzi alipokuja kutua kwenye beseni, nilimfukuza. Nilimfukuza kwa hasira kabisa, kama anayetaka kuniharibia kitu changu. Asubuhi ileile beseni hilo lilikuwa limenifanya nitazame pembeni.

Jioni tukapika. Maji ya kwanza yanachemshwa na tangawizi na kumwagwa. Maji ya pili ndiyo yanayobaki: kitunguu saumu, tangawizi tena, chumvi, na moto wa mkaa usio na haraka, saa mbili na nusu hadi tatu. Mwishoni kabisa vinaingia kitunguu, nyanya, karoti na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa. Zikaongezwa ndizi za kupika, zile zinazoshuka kutoka Rungwe. Ndizi na utumbo ni chakula cha heshima pande zote hizo za Mbeya na Songwe.

Niliipenda? Hata kidogo. Nilichagua kipande kidogo kuliko vyote, nikakitafuna, kikakataa, nikakimeza kama kidonge cha malaria. Mama aliniona na hakusema kitu. Ila mchuzi, jamani. Mchuzi ulikuwa mzito, unanata midomoni, na ndizi zilikuwa zimeunywa zikashiba. Nikamaliza sahani nikiacha vipande vitano pembeni. Mama akavichukua akala yeye.

Nimesikia watu wakisema eti siku moja walionja kitu fulani na papo hapo wakakipenda. Kwangu ladha ilikuja kwa ngazi, na kila ngazi ilikuwa Jumamosi moja. Mchuzi ndio ulionivusha kizingiti. Halafu sega, kwa sababu vishimo vyake vinashika mchuzi na unapouma unamwagika ndani ya mdomo. Halafu kile cha kurasa, ambacho kikiivishwa vizuri bado kina mlio kidogo kwenye meno. Utumbo mwembamba ulinichukua mpaka Aprili. Una uchungu wa mbali sana, kama umetafuna jani, na nilipojua kwamba ni jani kweli, ni malisho aliyokula ng'ombe mwenyewe, uchungu ule ukaacha kunitisha. Taulo nililikimbia kwa muda mrefu, na leo hii ndilo ninaloomba niongezewe. Maini hayakunisumbua. Bandama la kuchoma, jeusi na lenye ladha ya damu na chuma, nililipenda mara ya tatu.

Pafu, mpaka leo, tunasalimiana kwa mbali. Linaelea kwenye sufuria hata ulikandamize kwa mwiko, na mdomoni ni kama sponji. Niko na wenzangu wengi katika hilo. Marekani tangu mwaka 1971 imezuia mapafu ya mifugo yasitumike kama chakula cha binadamu, na ndiyo sababu haggis ya Waskoti, ambayo asili yake ni moyo, maini na mapafu ya kondoo vilivyopikwa ndani ya tumbo la kondoo huyohuyo, haiwezi kuingizwa huko kama ilivyo. Nilifurahi kujua kuwa Waskoti nao wana chakula hicho, tena wanakisomea mashairi karamuni kila mwezi Januari. Sisi tulikuwa tunafichana.

Wala sitaki kumdanganya mtu kwamba vitu hivi havina masharti. Mkaguzi wa nyama akifika machinjioni hulipasua ini kutafuta minyoo bapa, na anachokikuta kimeharibika hukitupa, hata mwenye ng'ombe alie. Mwenye jongo hushauriwa akae mbali na vyakula hivi, na mama mjamzito asizidishe maini kwa kuwa yana vitamini A nyingi mno. Mama mwenyewe hakununua utumbo usiopita kwa mkaguzi. Alisema, "Dereva akiugua tumbo hapa, atanitangaza mpaka Kongo."

Na kweli angetangazwa, maana benchi lake lilikuwa kama mkutano wa nchi jirani. Nilianza kwenda kumsaidia kugawa bakuli kabla sijaenda ofisini. Alikaa dereva wa Kitanzania, pembeni yake dereva wa Kikongo anayejaribu Kiswahili cha Lubumbashi, pembeni yake utingo ambaye hajaoga siku mbili, na mwishoni bwana mmoja wa ofisi za mpakani ambaye shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Wazambia walikuwa wanaita chakula hiki kwa Kibemba ifyamunda, vya tumboni, na siku moja Mama alinivusha kwenda Nakonde kwa ndugu zake tukalishwa hiyo ifyamunda na nshima, ambayo ni ugali uleule wetu ila laini zaidi. Nikajiona sijavuka kitu. Wanyamwanga wenyewe wako pande zote mbili, kwani mstari ule kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ulitokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, na hakuna aliyewauliza wenye kula.

Pale benchini bakuli lilikuwa bei moja, na sufuria ilikuwa moja. Bwana wa shati la pasi alichotewa na upawa uleule wa utingo. Wakati huo sikulitilia maanani.

Desemba 2018 ndipo nilipoanza kuelewa kwamba viungo vya mnyama vina vyeo. Shemeji wa Mama, mdogo wa marehemu mumewe, alikuja kutoka Nakonde kusalimia. Nilikuwa nimepata mshahara, nikanunua kuku wa kienyeji, nikamchinjisha, tukapika. Sasa msomaji, wewe unajua habari za firigisi. Kwetu Tabata ilikuwa ya baba, haina mjadala. Makabila mengi ya Tanzania yako hivyo, na kwa Waganda kule Uganda mke humwandalia mumewe firigisi kama heshima kamili. Pasipo baba hupewa mgeni wa kiume, au mkwe. Sisi mabinti tulijua firigisi kwa kuiosha, kuichana na kuibandua ile ngozi ya njano.

Mama alipakua. Akaweka firigisi juu ya sahani yangu, waziwazi, juu kabisa.

Shemeji akachungulia bakuli. Akachungulia tena. "Shemeji," akasema, "kuku huyu alizaliwa bila firigisi?"

"Alizaliwa nayo," Mama akajibu. "Anayo aliyemnunua."

Pakawa kimya. Shemeji alianza kucheka, akaona anacheka peke yake, akachukua paja akala. Mimi mate yalikuwa yamenikauka. Nikaichukua ile firigisi nikaikata katikati kwa kisu, nusu nikamwekea Mama. Aliishika kidogo kabla ya kuitia mdomoni. Aliitafuna polepole sana.

"Miaka yote hii naziosha," akasema. "Kumbe ndivyo zilivyo."

Mama alikuwa na miaka hamsini na mitano.

Usiku ule sikulala mapema. Niliwaza kuku mmoja, ng'ombe mmoja, na jinsi watu tunavyomgawa. Kuna viungo vinavyopanda juu kwenye kiti cha mwenye nyumba, firigisi, maini, ulimi, na mtu wa chini haruhusiwi kuvigusa. Kuna viungo vinavyoshuka, utumbo, miguu, pafu, na mtu wa juu hataki kuonekana navyo. Ulimi haujui tofauti hizo mpaka ufundishwe. Nikamkumbuka mama yangu akitushika mkono pale kituoni, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza yeye alifundishwa wapi.

Nilimpigia simu Krismasi. Katika mazungumzo nikamwambia, nikijifanya ni jambo dogo, kwamba siku hizi nakula utumbo na naupenda. Simu ikanyamaza hata nikadhani salio limeisha.

"Unalishwa na nani?" akauliza.

Sikiliza neno hilo: unalishwa. Nikamwambia silishwi, napika mwenyewe. Akasema haya, akaniuliza habari za baridi.

Alikuja kunitembelea Julai 2019, mwaka uleule ambao kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa. Alikuja kwa treni kwa sababu magoti yake hayapendi basi. Alifika Ijumaa, na kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya beseni. Mama akamwekea kigoda juani na kumwambia mgeni apumzike. Mama yangu akakaa, amejifunga kanga mbili kwa baridi, akatazama ninavyoparua taulo. Alitazama dakika tano, kumi.

"Hivyo utaparua mpaka kesho," akasema.

Akainuka, akachovya kidole kwenye maji. Akatikisa kichwa, akaongeza kikombe kimoja cha baridi. Akachukua kisu mkononi mwangu, akalilaza taulo upande ambao mimi sikuwa nimewahi kulilaza, na akaliparua kwa mikwaruzo mirefu, mmoja, miwili, mitatu, likawa jeupe. Mama wa Tunduma akaacha kazi yake akabaki kutazama. Mimi nilisimama pale kama mtu aliyemkuta mzazi wake anaongea Kijerumani.

Alisimulia bila kuinua uso. Mwaka 1984 alikuja Dar es Salaam kutoka kijijini Iringa, akiwa na miaka kumi na mitano, kufanya kazi za ndani. Nyumba hiyo ilikuwa na mafiga mawili na sufuria mbili. Kubwa ilipikwa nyama ya wenye nyumba. Ndogo ilipikwa utumbo, miguu ya kuku na chochote kilichobaki, na alivipika yeye. Siku moja mtoto mdogo wa nyumba hiyo alifunua sufuria ndogo, akakanywa na wakubwa: acha hicho, ni cha dada na mbwa. Walisema hivyo yeye akiwa amesimama na mwiko mkononi. Alikaa pale miaka mitatu.

"Utumbo wenyewe ulikuwa mzuri," akasema. "Niliupika vizuri. Hilo ndilo lililoniuma."

Kisu chake hakikusimama. Mama wa Tunduma akasema, "Pole, mdogo wangu," na akampa ndimu. Hakuna aliyesema zaidi ya hapo, na mimi nashukuru hawakusema.

Jioni tukakaa kwenye mkeka watu watatu. Kabla ya kunawa, mama yangu akamgeukia mwenyeji wake.

"Na wewe, dada, unakula nini?"

Kama hujui historia ungedhani ni swali la kipuuzi, maana chakula kilikuwa mbele yetu. Mama akalielewa.

"Hichohicho," akasema. "Tangu nianze biashara hii sijawahi kubandika sufuria ya pili. Wanachokula wateja ndicho ninachokula mimi, na ndicho anachokula huyu."

Mama yangu akanawa. Alikula ndizi zote. Alikula mchuzi, akaufuta kwa kidole mpaka sahani ikang'aa. "Mchuzi mtamu," akasema, na alimaanisha, namjua. Vipande vya utumbo alikuwa amevisogeza pembeni, vinne. Akavichukua kimoja kimoja akaniwekea kwenye sahani yangu, kama alivyokuwa akinisogezea nyama yake nilipokuwa mdogo, siku za mshahara, huku akisema ameshiba. Nilivila vyote vinne. Vilikuwa vimeparuliwa kuliko vyote nilivyowahi kula pale.

Mpaka leo hali utumbo, na mimi simlazimishi. Siamini tena kwamba ni suala la ulimi. Chakula kilekile nilichokuja kukipenda kwenye benchi la Tunduma ndicho alichonyanyasiwa nacho Dar es Salaam, na si kwamba ng'ombe wa Tunduma ni bora. Ila nikirudi Tabata napika, kwenye sufuria ileile ya familia, na yeye hukaa jikoni na kunielekeza maji yawe na moto kiasi gani. Wadogo zangu wanakula. Baba alikula mara ya pili alipoona hakuna kitoweo kingine kilichofichwa.

Nawe msomaji, ukipita Tunduma alfajiri, ukashuka kwenye basi umekakamaa kwa baridi, utaona mivuke kando ya barabara ya malori. Chagua kibanda chochote. Lakini kabla ya kuuliza bei, muulize mama ntilie yeye mwenyewe kanywa nini asubuhi hii. Akikuonyesha sufuria ileile, sogea kwenye benchi, omba ndimu, na uanze na mchuzi.